Kabla hujachomoa kadi ya kumbukumbu kwenye ruta, pitia hapa kwanza

#1 – Mleta uzi

Wakuu, habari za majukumu.

Kila wiki humu ndani kuna mtu analeta shida ya aina hii: nimeongeza RAM kwenye ruta sasa haiwaki, nimebadilisha flashi (kumbukumbu inayotunza faili za ruta hata umeme ukikata) nimeletewa rommon (programu ndogo ya dharura inayojitokeza ruta isipopata mfumo wake), nimenunua kadi ya CF (CompactFlash, kadi ndogo ya flashi) mjini ruta inaikataa. Majibu yanakuwa mistari miwili, "zima uwashe tena", na mwenye shida anaondoka na shida yake. Leo nimetenga muda niliandike jambo hili kwa kirefu. Mifano yangu mingi ni ya Cisco 1841 na familia ya 2800, maana ndizo ninazozishika mara kwa mara. Bado zipo nyingi kwenye ofisi ndogo, mashuleni, na kwa vijana wanaojifunza CCNA (cheti cha mitandao cha Cisco) kwa vifaa vya mtumba. Wenye 1900 na 2900 nao watapata chao.

Nianze na yaliyonikuta mimi mwenyewe.

Ilikuwa ofisi moja Dodoma. Ruta ni 1841, ndani yake kuna HWIC-4ESW, ile yenye poti nne za swichi. Flashi ilikuwa ya MB 32, na mimi nilitaka kuweka ya MB 128 ili IOS mpya (mfumo endeshi wa ruta za Cisco) iingie. Nimefika saa nane mchana, watu wako kazini, mwenyeji wangu akaniomba nisikate mtandao. Nikachomoa kadi huku ruta inawaka. Haikutikisika. Watu wakaendelea na kazi zao. Nikachomeka kadi mpya ambayo nilikuwa nimeifomati kwenye kompyuta yangu na kunakili faili la IOS humohumo. Nikaona mambo shwari, nikaaga. Jioni ileile nikaifomati kadi ya zamani, kwa sababu kuna ruta nyingine niliyokuwa nimeiahidi.

Usiku umeme ukakatika. Saa moja na nusu asubuhi simu ikaita: ofisi nzima haina mtandao. Nimefika, nimechomeka kebo ya konsoli (ya kuiongoza ruta moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta), kwenye skrini kuna mstari mmoja tu:

rommon 1 >

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini jana yake ruta "haikutikisika". Ruta hizi zikiwashwa husoma IOS kutoka kwenye flashi, huikunjua ndani ya RAM, na tangu hapo huendesha kazi zote kutoka kwenye RAM. Ukichomoa flashi wakati huo, haina habari na wewe. Itakuhitaji itakapozimika na kuwaka tena. Na rommon haikuweza kuisoma ile kadi niliyoifomati kwenye kompyuta.

Nilirudisha IOS kwa TFTP, yaani kuivuta kutoka kwenye kompyuta kwa kebo ya mtandao (nitaeleza chini jinsi ya kufanya). Ruta ikawaka na mipangilio yote ikarudi, kwa sababu mipangilio haikai kwenye flashi, inakaa kwenye NVRAM. Nikashusha pumzi. Dakika kumi baadaye watu wa uhasibu wanasema wao bado hawana mtandao. Nilihangaika karibu saa mbili. Nilibadilisha kebo, nikapima poti, nikasoma mipangilio mstari kwa mstari, na kila kitu kilikuwa mahali pake. Mwisho nikaandika show vlan-switch, nikakuta VLAN 20 (mtandao mdogo uliotengwa ndani ya swichi) haipo. Poti zimepangiwa VLAN 20, lakini VLAN 20 yenyewe haipo duniani. Orodha ya VLAN kwenye ruta yenye kadi ya swichi huhifadhiwa kwenye faili linaloitwa vlan.dat, na faili hilo linakaa kwenye flashi. Mimi nililifuta jana yake jioni, mezani kwangu, nikidhani nafuta IOS ya zamani tu.

Kwa hiyo kabla ya bisibisi, ujue kitu gani kinakaa wapi. RAM inabeba IOS iliyokunjuliwa, jedwali la njia na kila kinachoendelea sasa hivi. Umeme ukikata, vyote vinapotea. NVRAM inabeba startup-config, yaani mipangilio iliyohifadhiwa ya kuwashia ruta. ROM inabeba ile programu ndogo ya rommon. Flashi inabeba faili la IOS, vlan.dat kama una poti za swichi, na chochote ambacho fundi aliyekutangulia aliamua kukiweka humo. Usikisie. Andika dir flash: na usome kila jina lililomo. Faili usilolijua, linakili pia.

Kusoma ulichonacho

Andika show version, tafuta mstari unaofanana na huu:

Cisco 1841 (revision 6.0) with 115712K/15360K bytes of memory.

Wengi husoma namba ya kwanza peke yake, wanasema ruta ina MB 113, hawaelewi nyingine zimekwenda wapi. Jumlisha zote mbili: 115712 na 15360 ni 131072, gawa kwa 1024 unapata MB 128 kamili. Namba ya kwanza ni kumbukumbu ya prosesa, ya pili imetengwa kwa ajili ya pakiti zinazoingia na kutoka kwenye poti. Ni RAM moja iliyogawanywa.

1841 ina MB 128 zilizochomelewa kwenye ubao, na sloti moja ya kuongezea. Kikomo chake ni MB 384, kwa maana ya 128 za ubao na moduli ya 256. Flashi kikomo ni MB 128. 2811 inafika RAM ya MB 768 na flashi ya MB 256. Usinunue moduli kubwa kuliko hapo ukitegemea bahati. Na ukitaka kuweka IOS mpya, soma kwanza inadai RAM kiasi gani na flashi kiasi gani, kwa sababu ni vitu viwili tofauti. Nimeona mtu amenunua flashi kubwa, IOS imeingia vizuri, ruta inawaka, halafu logi zinajaa %SYS-2-MALLOCFAIL. Hiyo ni RAM imeisha, flashi haihusiki.

Nakala kwanza

copy running-config startup-config. Halafu copy startup-config tftp:. Halafu nakili kila kilichomo kwenye flashi, faili moja moja, kwa copy flash: tftp:. Ukishapakia IOS kwenye kadi mpya, andika verify /md5 flash: ikifuatiwa na jina la faili, ulinganishe na namba iliyotolewa na watengenezaji. Faili lililokatika katikati lina jina lilelile na linaonekana zima kwa macho.

Kadi mpya ifomati ndani ya ruta yenyewe kwa format flash:. Usiifomati kwenye kompyuta kama nilivyofanya mimi. Wenye 1941 na 2900 mna raha, zina sloti mbili za CF: mnachomeka kadi mpya kwenye ya pili, mnaifomati kwa jina flash1:, mnanakili kutoka flash0:, kazi imekwisha bila kompyuta.

Mikono

Hapa ndipo kadi nyingi zinapofia, na kinachoziua ni umeme tuli. Mwili wa mtu hauhisi umeme huo mpaka ufike kama volti 3,000, lakini chipu inaweza kuumia kwa kiwango cha chini sana ya hapo. Maana yake unaweza kuiua RAM bila kuona cheche wala kusikia kitu chochote. Mbaya zaidi, mara nyingine haifi siku hiyo. Inajeruhiwa, inakaa miezi miwili, halafu ruta inaanza kujizima na kuwaka bila sababu, na wewe unalaumu umeme.

Aliyeko Dar au Tanga ana unafuu kidogo kwa sababu hewa ina unyevu. Dodoma, Singida au Iringa wakati wa kiangazi, hewa kavu na sweta ya sufu, hapo uwe na adabu kabisa. Vaa mkanda wa mkononi, bana ncha yake kwenye chuma kitupu cha ruta, sehemu isiyopakwa rangi. Mkanda wenyewe upime kwa mita mara moja moja: ukinzani unatakiwa uwe kati ya megaohm 1 na 10. Ukiwa umekatika ndani, umevaa urembo. Kama huna mkanda, gusa chuma cha ruta kabla ya kushika kadi na uendelee kukigusa kila baada ya hatua mbili tatu. Haitoshi kama mkanda, lakini ni mbali sana na mikono mitupu.

Kwa RAM, zima ruta, chomoa waya wa umeme ukutani, ila waya wa ardhi uuache umefungwa. Shika moduli kwa kingo zake. Vidole visifike kwenye meno ya dhahabu wala kwenye chipu. Angalia pengo dogo kati ya meno: halipo katikati kabisa, limewekwa pembeni makusudi ili moduli isiingie kinyume. Linganisha pengo na kinundu cha kwenye sloti kabla hujasukuma. Sukuma pande zote mbili kwa uzito sawa mpaka vishikizo vya pembeni vijifunge vyenyewe. Kishikizo usikifunge kwa kidole. Kikikataa kujifunga, ujue moduli haijafika chini.

CompactFlash ina tabia zake. Kadi ina matundu 50, na pini 50 ziko ndani ya sloti ya ruta. Ukiisukuma ikiwa imepinda, pini inayolala ni ya ruta, na pini ya ruta huiendei dukani. Mifereji ya ubavuni mwa kadi haina upana sawa, hivyo ikiingia kwa ugumu, itoe, igeuze, jaribu tena. Chukua tochi ya simu, chungulia sloti kabla ya kuchomeka: pini zinatakiwa kuonekana kama mistari miwili iliyonyooka. Nimewahi kuinyoosha moja iliyolala kwa ncha ya kalamu ya risasi ya kubonyeza, ile isiyo na risasi ndani, polepole, nusu saa nzima kwa pini moja.

Kadi ya CF inaruhusiwa kuchomolewa ruta ikiwa inawaka, lakini kamwe isiwe wakati taa ya CF imewaka kijani. Taa hiyo ikiwaka, ruta inasoma au inaandika. Subiri izime.

Naishia hapo kwa sasa, karibuni kwa maswali na masahihisho.

#2 – Mchangiaji, Mwanza

Mkuu heshima yako. Swali moja. Sisi huku RAM ikisumbua tunaitoa, tunayafuta meno yake kwa raba ya kufutia penseli, tunarudisha, inapona. Kuna ubaya?

#3 – Mleta uzi

Mkuu, najua inapona, nami nimefanya miaka mingi. Ila fikiria kinachotokea. Raba inasugua, na safu ya dhahabu ni nyembamba sana. Ukifanya mara tatu nne unafika kwenye metali ya chini na hapo kutu inaanza kweli. Kusugua kwenyewe kunazalisha umeme tuli. Na chembe za raba zinaingia kwenye sloti. Tumia spiriti safi ya isopropili na kitambaa kisichotoa nyuzi, pangusa kwa kuelekea upande mmoja, acha ikauke kabisa. Na mara nyingi utakuta kilichoiponya ilikuwa ni kule kuitoa na kuirudisha tu, maana ilikuwa haijakaa sawa tangu mwanzo.

#4 – Mchangiaji, Mombasa

Ahsante sana ndugu yangu, uzi wa maana huu. Naomba niongeze jambo kwa walio na vifaa vya miaka ile. Mwaka 2014 Cisco walitangaza wazi kwamba baadhi ya bidhaa zao zilizotengenezwa kati ya 2005 na 2010 zina chipu za kumbukumbu, kutoka kwa mtengenezaji mmoja, ambazo huchakaa. Kifaa kinaenda vizuri miaka na miaka bila dalili yoyote, lakini siku kikizimwa na kuwashwa kinaweza kisiamke tena. 1841 na 2800 nyingi za mtumba ni za miaka hiyohiyo. Kwa hivyo, mtu akikuita uongeze RAM kwenye ruta ambayo haijazimwa miaka minne, mwambie mapema kwamba kule kuzima peke yake kuna hatari, na uende na ruta ya akiba garini. La sivyo utalaumiwa wewe kwa ugonjwa uliokuwamo zamani.

#5 – Mleta uzi

Umenena vyema kaka. Niongezee la makosa ya pariti (ruta inapogundua biti iliyobadilika ndani ya kumbukumbu), kwa sababu yanawatisha watu. Ruta ikijiwasha upya na kuandika kwamba imepata kosa la pariti kwenye kumbukumbu, usikimbilie kununua RAM. Biti moja inaweza kugeuka kwa sababu ya chembe zenye nguvu zinazotoka angani, na kosa la namna hiyo halirudi. Andika tarehe, itazame. Likijirudia, zima, itoe moduli, irudishe vizuri. Likirudi tena baada ya hapo, badilisha moduli.

#6 – Mchangiaji, Arusha

Mimi natumia MikroTik hEX, RB750Gr3, kwa ajili ya hotspot ya vocha. Nimeona ina sloti ya microSD. Nayo ina faida gani? RAM yake inaongezeka?

#7 – Mleta uzi

RAM haiongezeki mkuu, ile MB 256 imechomelewa. Faida ya microSD ni kwamba flashi ya ndani ni MB 16 tu, na hifadhidata ya User Manager (programu inayotunza vocha) pamoja na logi vikikaa humo vinaijaza haraka, tena vinaichosha kwa kuandika kila wakati. Hamishia hivyo kwenye microSD. Ifomati ndani ya RouterOS (mfumo endeshi wa MikroTik), chagua kadi iliyotengenezwa kwa kuandikwa muda wote, zile zinazouzwa kwa ajili ya kamera za ulinzi, na kila wiki pakua nakala ya vocha zako. MicroSD inakufa bila kuaga.

#8 – Mchangiaji, Dar es Salaam

Tuna 2811, tunataka tuijaze RAM mpaka mwisho ili tuchukue BGP nzima (orodha ya njia zote za intaneti) kutoka kwa watoa huduma wetu wawili. MB 768 zitatosha?

#9 – Mleta uzi

Hapana ndugu. Njia za IPv4 duniani sasa ni zaidi ya 900,000, na ninyi mnataka nakala mbili. Ombeni njia ya msingi tu kutoka kwa kila mmoja, au njia chache mnazozihitaji, na 2811 yenu itakaa kwa amani. Na mkipanda kwenye vifaa vikubwa, kumbukeni RAM siyo kikomo pekee. Tarehe 12 Agosti 2014, njia zilipogusa 512,000, vifaa vikubwa vya Cisco 6500 na 7600 viliyumba sehemu nyingi duniani, na RAM ilikuwa ya kutosha. Kilichojaa ni TCAM, kumbukumbu nyingine kabisa ya kutafutia njia, ambayo haiongezwi kwa kuchomeka moduli.

#10 – Mchangiaji, Morogoro

Mkuu naomba msaada wa haraka, nimekwama. 1841, nimeweka RAM ya 256 na CF mpya kwa pamoja. Sasa taa ya SYS PWR inapepesa kijani tu haitulii, na kwenye konsoli ni rommon.

#11 – Mleta uzi

Tulia. Taa kupepesa maana yake ama inawaka ama iko rommon, haijafa. Andika meminfo, uniambie inasoma ngapi.

#12 – Mchangiaji, Morogoro

Inasema Main memory size: 128 MB.

#13 – Mleta uzi

Basi una matatizo mawili tofauti, ndiyo maana siku zote nasema badilisha kitu kimoja kwa wakati. RAM mpya haionekani. Zima, chomoa umeme, vaa mkanda, fungua mfuniko, tazama vishikizo viwili vya sloti. Nadhani kimoja hakijajifunga.

La IOS, kama kadi ya zamani ipo irudishe uwashe nayo, ni njia fupi kuliko zote. Kama haipo, tumia TFTP. Kebo ya mtandao iingie FE0/0, kompyuta yako iwe na anwani ya mtandao huohuo, ukutamoto (firewall) wa kompyuta uzimwe. Halafu, kwa herufi kubwa hivihivi:

IP_ADDRESS=192.168.1.1
IP_SUBNET_MASK=255.255.255.0
DEFAULT_GATEWAY=192.168.1.2
TFTP_SERVER=192.168.1.2
TFTP_FILE=jina la faili lako
tftpdnld -r

Hiyo -r ina maana kubwa. Inapakia IOS kwenye RAM tu, haigusi flashi. Bila hiyo, tftpdnld inafuta kila kilichomo kwenye flashi. Ikishawaka, ifomati flashi kutoka ndani ya IOS, unakili faili kwa utulivu.

Xmodem, njia ya kutuma faili kupitia konsoli, usiifikirie kwa kasi ya kawaida. Kwa 9600 unapata kama baiti 960 kwa sekunde. Faili la MB 30 litachukua zaidi ya saa tisa. Ukipandisha hadi 115200 ni kama dakika 45, ila ni pale TFTP imeshindikana kabisa.

#14 – Mchangiaji, Morogoro

Mkuu Mungu akubariki. Kishikizo cha kulia kilikuwa wazi kweli. Kadi ya zamani ninayo, nimeirudisha, imewaka. Show version inasema 356352K/36864K.

#15 – Mleta uzi

Jumlisha: 393216K. Ni MB 384 kamili, RAM yako yote imeonekana. Sasa ukiwa ndani ya IOS, andika dir flash: na unakili kila faili kwenye kompyuta, halafu ndipo uchomoe ya zamani, uchomeke mpya, uifomati humohumo, urudishe faili zote pamoja na vlan.dat kama ipo. Zima na uwashe wewe mwenyewe, ukiwa umekaa hapohapo mbele yake. Ikiwaka, ile kadi ya zamani usiifomati. Iweke kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, andika juu yake jina la ruta na tarehe ya leo, uibandike kwa gundi ya karatasi ndani ya kabati la ruta.